Alisema Kichwa Kinauma

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msianze kucheka sasa. Mahali pa kucheka ni pengi, nitawaonyesha mwenyewe, na pengine patakuwa juu yenu. Mimi niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo sina maneno ya kuzungushazungusha. Habari hii ni ya uume wa mwanamume uliosimama ukakataa kushuka. Kama mnaona aibu, oneni haraka, tuendelee.

Katika ukoo wetu kuna sikoseli. Damu ya mtu mwenye sikoseli ina chembe zilizopinda kama mundu, zinakwama njiani, na pale zinapokwama panauma. Kwa wengi zinakwama mifupani. Kwa wanaume, mara nyingine zinakwama huko. Damu inaingia, kutoka inashindwa. Wala msidanganyane kwamba kuna raha ndani yake. Ni maumivu kama ya jino bovu, ila jino unaweza kumwonyesha jirani.

Hili nililijua kwa kaka yangu, kule Dadamu tulikozaliwa. Alijifungia ndani siku tatu akisema ni tumbo, na mama yetu akawa anampelekea uji. Siku ya nne ikashuka yenyewe, na haikusimama tena mpaka tulipomzika. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ilipotokea. Mke akaenda zake. Watu wakasema kalogwa, na yeye akakubali kulogwa, maana kulogwa kuna heshima yake. Ilipita miaka mingi ndipo muuguzi mmoja akanieleza: muda wa saa nne ukipita haijashuka, kimbieni hospitali, kwa sababu kadiri inavyokaa ndivyo nyama inavyokufa ndani. Nikamwambia, asante binti, umechelewa kwa kaka, lakini nina wajukuu.

Mjukuu ninayemsema hapa ana miaka ishirini na saba. Anachomelea milango na madirisha ya chuma pale mjini Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, anaishi kwetu Midia, na wakati huo alikuwa ameoa miaka miwili bila mtoto. Baba yake alikwisha kufa. Wakwe zake hawakuambiwa kwamba ana sikoseli. Aliyesema wasiambiwe ni mimi. Nilisema, "Wakijua watamkatalia binti yao." Hilo nimeliandika mapema ili mtu asije akasema Dede anasimulia makosa ya wengine tu.

Dede ni nyanya, kwa lugha ya Dadamu. Niliolewa Midia, nikawazoesha wajukuu waniite hivyo.

Asubuhi ile ya kiangazi nilikuwa napepeta simsim. Mke wake akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimemwanguka mabegani.

"Dede, kuja. Bwana yangu iko mbaya."

"Mbaya namna gani?"

"Yeye nasema tumbo. Lakini tumbo gani hii, mutu amelala na mgongo tangu alfajiri, na shuka imesimama kama hema ya wakimbizi?"

Nikaweka ungo chini.

"Umemwambia nani?"

"Wazee. Wamekaa."

Wazee ni wanangu wawili, baba zake wadogo. Nywele zao zimeanza mvi, na kazi wanayoipenda kuliko kulima ni hiyo ya kukaa. Niliwakuta mbele ya nyumba ya kijana, kila mmoja kwenye kiti chake, wanazungumza kwa sauti ya chini. Waliponiona wakaanza kutazama kuku.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama, kijana iko na jambo," akasema mkubwa.

"Jambo gani?"

"Jambo ya... ya wanaume."

"Wanaume wana mambo mengi. Hata uvivu ni jambo la wanaume."

Mdogo akakohoa. Mkubwa akamtazama jogoo kama vile jogoo ndiye angemsaidia. Wenye mila kama zetu wanaelewa. Mtoto niliyemtoa tumboni mwangu hawezi kunitajia kiungo kile hata nyumba ikiungua. Mjukuu anaweza. Mjukuu ni mtani wangu. Yeye huniita mke wake mzee, nami humwita mume wangu asiyeleta nyama. Tunaweza kusema lolote, na mtu asikasirike. Kwa hiyo wanaume wawili wenye ndevu walikaa pale na siri, mbele ya mtu mmoja ambaye siri hiyo ingemfaa, na hawakuweza kufungua mdomo.

Mwishowe mkubwa akasema, akimwambia jogoo, "Amekubali makosa yake. Alilala na bibi ya mutu. Mwenye bibi ametega dawa. Sasa lazima tumtafute, afungue."

"Mwenye mke ni nani?"

"Dereva ya lori. Wa barabara ya Yei. Jina hajui."

Kwenu labda hamna imani hiyo. Kwetu husemwa kwamba mwanamume akimchukua mke wa mtu, mwenye mke anaweza kumfunga kwa dawa, na ni yeye peke yake wa kufungua. Mambo ya dawa siyajui, sijawahi kuyanunua. Nikainama nikaingia ndani.

Mjukuu wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, na kati ya mapaja wamemwekea chupa mbili za soda za baridi kutoka kwenye kioski. Wamemfunga na leso zisianguke. Baba zake wadogo walikuwa wamefikiria hilo kwa akili zao zote mbili.

Nikazitoa chupa, nikazitupa mlangoni. Mwenye sikoseli na baridi ni maadui. Baridi inazifanya zile chembe zikwame zaidi. Tangu alipokuwa mtoto nilimkataza hata kuoga maji ya kisima asubuhi.

"Mume wangu," nikamwambia, "huyo mke wa dereva ni nani?"

"Hakuna, Dede."

"Hakuna?"

"Hakuna bibi, hakuna dereva. Walikuwa nauliza tu, nauliza tu. Nikasema."

"Kwa nini ujipakaze uzinzi ambao hukuufanya?"

Akafumba macho. "Dede, mzinzi ni mwanaume. Sikla, mwenye sikoseli, ni mutu ya kuhurumiwa."

Nikamuuliza ilianza saa ngapi. Akasema kabla ya kucha, jogoo wa kwanza. Nikahesabu kwa vidole. Muda wa saa nne ulikuwa umekwisha tayari, umeliwa na uongo wa tumbo, uongo wa dereva, na soda mbili. Nikamwona kaka yangu na bakuli lake la uji.

Nikampa maji vikombe vitatu, nikamwamuru ajaribu kukojoa, atembee. Nikatoka nje kuwaambia wanangu walete pikipiki zao twende Koboko. Pikipiki zilikuwa zimekwisha kuondoka. Wazee wangu waliacha kukaa, siku moja katika mwaka, wakaenda mbio Oraba mpakani kumtafuta dereva asiyekuwepo.

Tulisimamisha boda mbili barabarani, moja ya mke wa mjukuu na mimi, moja ya mjukuu mwenyewe. Kupanua miguu hakuweza. Akapanda upande upande kama mama mchungaji anayekwenda ibadani, amevaa koti refu la marehemu baba yake, katika jua la kiangazi. Mwenye boda akamuuliza kama ni mgonjwa au ni bwana harusi. Nikamwambia atazame mbele.

Pale Koboko tulikokwenda kwanza, sitasema ni wapi, mhudumu alimfunua, akatazama, akatabasamu.

"Kijana, ulimeza dawa gani ya nguvu? Tuambie, na sisi tununue."

Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mwingine. Akaja hata mzee wa kufagia, ameshika fagio.

"Hapa iko sinema?" nikawauliza. "Wewe mwenye fagio, umesomea daktari mwaka gani?"

Mzee akarudi kufagia. Nikasema, "Huyu ana sikoseli tangu kuzaliwa. Ilianza kabla ya kucha. Kama hamuwezi, semeni, mimi niende." Yule wa kwanza akaacha kutabasamu. Mtu akikosa mzaha ndipo kazi inamrudia. Akamchoma sindano ya maumivu, akaandika barua ya hospitali kubwa ya Arua, na akasema gari la wagonjwa limepeleka mama mjamzito. Barua akaikunja, akampa kijana mkononi. Hilo ndilo lilikuwa kosa, lakini sikuliona.

Tulipata pikapu iliyokuwa inapeleka magunia ya muhogo Arua. Wanawake tukakaa mbele. Yeye kuketi hakuweza tena, akasimama nyuma kwenye magunia, ameshika chuma, koti refu linapepea, uso umekaza. Watu barabarani wakadhani ni mgombea. Wakampungia mikono. Mahali pamoja watoto walikimbia nyuma yetu wakiimba jina la chama, na yeye, kwa maumivu yake yote, akawapungia. Hapo cheka, nimekuruhusu.

Mbele, karibu na dereva, nilimwambia mke wake. Ilinibidi. Nikasema, "Mwanangu, mume wako hana mke wa dereva. Ana sikoseli. Mimi ndiye niliyekuficha."

Akanigeukia.

"Zile vidonge ya manjano chini ya kitanda, anameza kila asubuhi. Ni ya hiyo?"

"Ni ya hiyo. Kuongeza damu."

"Mimi nilifikiri iko ya wazimu."

"Miaka miwili ulifikiri umeolewa na mwendawazimu, na ukakaa?"

"Dede, hakunipiga. Analeta chakula. Nikasema, basi, wazimu yake iko nzuri."

Dereva alicheka mpaka akaongeza mwendo, na huo ndio msaada mkubwa tulioupata siku hiyo. Halafu binti akauliza, bila kucheka, "Na mtoto? Tutapata?" Nikamwambia ukweli. Tukifika mapema, labda. Tukichelewa, atabaki na mume na vidonge. Akawa anaitazama saa ya gari ile, ambayo haikuwa inafanya kazi.

Arua tulifika saa nane kasorobo. Hospitali ilikuwa imejaa, benchi la dharura limebeba watu mpaka linalia. Mlinzi akaniambia lazima tuwe na daftari la mgonjwa, linauzwa nje ya geti. Nikamwambia mjukuu, "Nenda kwenye meza, toa barua." Nikatoka kununua daftari. Binti akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Niliporudi nikamkuta amesimama mwisho wa mstari, nyuma ya mtu mwenye mba, ameshika vidonge viwili vya panadoli.

"Hii ni nini?"

"Wamesema ningoje."

"Ulimwambia nini karani?"

Akatazama viatu vyake.

"Nilisema kichwa. Kichwa nauma."

"Na barua?"

Barua ilikuwa mfukoni mwa koti. Karani ni mwanamke kijana, na nyuma yake kulikuwa na watu arobaini wanaosikiliza. Mtu alikuwa tayari kuzika ukoo wake wote papo hapo, kuliko msichana wa miaka ishirini asome karatasi.

Nawaambia kweli, nilitaka kumpiga daftari kichwani, ili angalau kisiwe cha uongo. Nikamshika mkono wa koti, nikampeleka mbele kabisa. Watu wakaanza: "Mama, mstari! Mama, sisi pia iko wagonjwa!"

Nikaiweka barua juu ya meza na kusema kwa sauti niliyokuwa nikifukuzia nyani shambani: "Binti, huyu haumwi kichwa. Huyu ana sikoseli, na uume wake umesimama tangu jogoo wa kwanza, hautaki kushuka, na ukiendelea hivi utakufa. Andika."

Mwenye mba akasogea hatua moja nyuma, kana kwamba inaambukiza. Mwanamke mmoja akasema "Yesu." Karani, yule mjukuu wangu aliyemwogopa, hakucheka wala kuona haya. Aliisoma barua, akasimama, akasema, "Mbona hukusema, kaka? Hii haingoji," akaita machela.

Ndipo mtu akainuka kwenye benchi. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, mrefu, shati zuri, ameweka sanduku la nguo mapajani tangu tulipoingia. Sasa alilishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama," akasema polepole, "mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Hiyo. Mimi nilisema mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Nikamwambia karani, "Andika na huyu."

Waliingia wote wawili. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, asiye na mzaha wa kijinga. Aliwatundikia maji, akawapa oksijeni na dawa ya maumivu, kisha akatoa ile damu iliyolala kwa sindano. Binti aliona bakuli likitoka, akasema damu ilikuwa nyeusi kama mafuta machafu ya gari. Walimrudia mjukuu wangu mara mbili, wakamchoma dawa nyingine pale pale, na saa tisa na robo ikashuka. Nilimsikia akilia nyuma ya pazia. Nikamwacha. Tangu asubuhi alikuwa amesema uongo mara tatu, machozi ndiyo yalikuwa neno lake la kwanza la kweli kwa watu wengine.

Daktari akaniambia, "Mama, sikuahidi kitu. Mmechelewa, lakini si sana. Itaweza kurudi. Ikirudi, anywe maji, atembee, akojoe, na muda wa saa mbili ukipita aanze safari. Asingoje wazee." Sijui nani alimwambia habari za wazee. Labda kila ukoo unao. Akampima na mke pia, kwa sababu ugonjwa huu mtoto anaupata kwa baba na mama pamoja. Binti hakuwa nao hata chembe. Wanangu walikuwa wamesema miaka yote kwamba unatoka upande wa wanawake.

Yule wa Sudan Kusini, hata yeye damu ilitolewa, hata yeye alipimwa, akaambiwa ana sikoseli umri wote bila kujua. Maumivu yakaisha. Lakini daktari alimfungia pazia wakazungumza muda mrefu, na alipotoka uso wake ulikuwa wa kaka yangu. Kesho yake alipita kwenye kitanda chetu, sanduku sasa limeshikwa kwa mkono mmoja. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza, "Mama, juzi wewe ulikuwa wapi? Mbona hukuja siku ile ya kwanza?"

Nikasema nilikuwa napepeta simsim.

Kuhusu mjukuu wangu, najua mnataka kuuliza. Muulizeni mke wake, na awapige. Mimi nasema tu kwamba kwa miezi mitatu binti huyo alikuwa anapita jikoni kwangu ameinamisha macho, na mwezi wa nne akaanza kuimba tena akiosha vyombo. Mtoto bado. Tunangoja kama watu wengine.

Siku ya tano tulirudi Midia, mchana. Wanangu walikuwa wanatungoja, wameoga, wana furaha. Mbuzi mmoja hakuwepo zizini.

"Mama," akasema mkubwa, "tulimpata!"

"Mlimpata nani?"

"Dereva!"

Walikuwa wamezunguka Oraba wakimuuliza kila mwenye lori kama mke wake ameibiwa, na walirushiwa mawe mara moja tu. Mwishowe wakapata mmoja, mtu mwenye njaa na akili, ambaye hana mke wala hajawahi kuwa naye, akakubali kusamehe kwa mbuzi.

"Na angalia, Mama," akasema mdogo, "alipokea kamba ya mbuzi saa tisa. Na huko hospitali ilishuka saa ngapi?"

Mke wa kijana akasema polepole, "Saa tisa na robo."

"Unaona!" wakasema wote wawili, wakapeana mikono.

Nikawatazama. Nimewazaa mwenyewe, sina wa kumlaumu. Nilijua nikibishana nao juu ya sindano na dereva tutafika masika. Wakati huo ugali wa muhogo ulikuwa umekwisha kuwekwa, na samaki, na maji ya kunawa, na nyumba nzima imekaa, wanaume, wake zao, na vijana. Nikasimama na kulichukua birika la kunawia, nikalishika mimi.

Nikasema: "Sikilizeni. Kuanzia leo, mwanamume yeyote wa nyumba hii, ikimsimama isishuke, marufuku kusema tumbo. Marufuku kusema kichwa, au mgongo, au mke wa mtu. Atamwambia wa kwanza anayemwona, awe mama yake, awe mkwe wake, awe karani: 'Uume wangu umesimama tangu saa fulani, unauma, haushuki, nipelekeni Arua.' Na atakayeambiwa ataleta pikipiki, hatatafuta dereva. Sasa mtayasema maneno hayo mmoja mmoja, mbele yangu, kwa sauti ya kufika barabarani. Nyinyi wawili wenye mvi mnaanza. Asiyesema hanawi mikono."